Mkufunzi Aliyeninyima Marahaba

Siku hizi hapa Shinyanga mjini ukimtaja Mkufunzi, watu wanalegeza sauti. "Ah, yule mama! Mama wa watu! Mpole, mwenye hekima." Mpole? Nani, yule? Mimi alinichapa mgongoni kwa mkanda wa nailoni kwa sababu nilikanyaga kitambaa cha mwavuli nikiwa na kandambili. Hao wanaomsifu leo ndio walewale waliomcheka jana, na wengi wao hawajawahi hata kukaa naye benchi moja. Mimi nimemjua miaka na miaka, na nikimweleza lazima nianze na hasira, maana hiyo ndiyo tuliyokula pamoja. Anayetaka picha ya bibi mpole akasikilize redio.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikuwahi kuuliza, na ningeuliza angeniambia ukoo haufungui mwavuli. Ninachojua ni kwamba alistaafu jeshini, ambako kazi yake ilikuwa kukunja miavuli ya askari wanaoruka kutoka kwenye ndege, kisha akawa anaruka mwenyewe na timu ya michezo, ile inayoshuka viwanjani siku za sherehe watu wakipiga vigelegele. Akarudi nyumbani, kijijini Didia, na begi moja, goti moja bovu, na mdomo. Huo mdomo ndio pensheni aliyoitumia zaidi.

Mimi nilikuwa fundi cherehani pale sokoni, na hata sasa ndiyo kazi yangu. Nilimjua kwa sababu ya Bosi. Huyu Bosi alikuwa na maduara ya dhahabu upande wa Geita, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na mwaka mmoja mawe yakamkubali akaenda Dubai kutembea. Huko akaona watu wanaruka kutoka angani kama mchezo, akarudi na wazimu. Akanunua seti tatu za miavuli ya mtumba, akakodi ghala la kiwanda cha zamani cha kuchambulia pamba, akamtafuta Mkufunzi kule Didia awe mwalimu. Walihitaji mtu wa kushona mikanda iliyochanika. Nikaenda kushona, nikaishia kuomba nifundishwe.

Mnaniuliza mwanamke mzima na cherehani yake alitaka nini angani. Kwetu watu wanashuka tu. Kaka yangu anashuka duara kule Mwakitolyo, baba alishuka kabla yake mpaka kifua kikamkatalia, na jirani zetu wote wana mtu aliye chini. Mimi nilitaka mara moja, moja tu kabla sijafa, nishuke kutoka juu. Sikuwa na ndoto nyingine kubwa kuliko hiyo, na hiyo ndiyo Mkufunzi aliyonivunjia mbele ya umati.

Lakini kwanza niwaeleze shikamoo yake. Kwetu shikamoo haicheleweshwi. Mtu mzima akiamkiwa anaitikia, hata kama ana kesi na wewe baraza la kata. Mkufunzi haitikii. Ukishavaa mwavuli mgongoni unasimama mbele yake, unasema, "Shikamoo Mkufunzi," naye ananyamaza. Anaanza na mkanda wa kifuani, anauvuta mpaka unakohoa. Anashuka mikanda ya mapajani. Anakuzungusha kama mteja anayekagua mbuzi mnadani, anafungua kifuniko cha nyuma, anatazama pini, anatazama uzi. Akiridhika ndipo anasema, "Marahaba," na hiyo marahaba ndiyo ruhusa ya kupanda ndege. Asiporidhika anakupita bila neno, anakwenda kwa mwenzako, nawe unabaki umesimama unatafuta kosa lako mwenyewe.

Na alikuwa hivyohivyo mtaani! Mchungaji mmoja kijana wa kanisani alimwamkia nje ya duka la dawa, mkono tumboni kwa adabu zote, na shati limekosa kifungo kimoja. Mkufunzi akamtazama pale kwenye kifungo, akaondoka. Mchungaji wa watu akabaki na shikamoo yake mdomoni. Nilimshonea kile kifungo mimi, akiwa bado anauliza amemkosea nini yule mama.

Mafunzo yake yalikuwa mateso. Miezi na miezi hatukuona hata bawa la ndege. Tulipanda juu ya marobota ya pamba tukaruka chini, miguu imebanana, magoti yamelegea, unatua kwa nyayo halafu unajilaza upande, shavu la mguu, paja, nyonga, mpaka bega la upande wa pili. Ukitua na miguu imetengana anakuuliza, "Unataka kuzaa hapa?" Kutoka kwenye marobota tukaenda nyuma ya Fuso inayotembea polepole uwanjani. Vumbi la Shinyanga lilituingia mpaka kwenye meno. Masanja, kijana aliyekuwa anauza maji pale stendi na ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko sisi wote, alikuwa anatua huku anacheka. Mkufunzi alimchukia kwa kicheko kile.

Halafu kulikuwa na mikanda ya kuning'inia. Alifunga kamba kwenye boriti ya ghala, anakutundika humo kama nyama buchani, anakuyumbisha na fimbo. "Ndege umeiacha! Hesabu!" Unahesabu. "Tazama juu! Upo?" Unajibu upo. "Mzima?" Mzima. "Unaongozeka?" Hayo ndiyo maswali matatu ya mtu anayetoka kwenye ndege: mwavuli upo, ni mzima, unageuka ukivuta kamba zake za kuongozea. Akitaka kukukomoa anapaza sauti, "Umejisokota!" Hapo unatazama mshikio wa kulia, unaushika, unauvuta, na huo unaachia mwavuli mbovu uende zake. Kisha unavuta wa kushoto, unaofungua mwavuli wa akiba. Kulia kwanza, kushoto baadaye. Ukikosea mpangilio, anakuacha ukining'inia mpaka miguu ife ganzi, yeye anakula michembe yake, vile viazi vitamu vikavu, na karanga.

Hilo la kulia kwanza alilifanya dini. Jirani yake mmoja Didia alikuja kulia kwamba mume anampiga, na kuna mwanamume mwingine mwema anamtaka. Tulikuwa tumekaa wote uani. Mkufunzi akamwambia, "Huwezi kufungua wa akiba kabla hujaachia huo mbovu, vitasokotana vyote viwili, utakufa." Yule mama hakuelewa kitu. Mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa. Baadaye nilisikia ameachika kwanza, kwa utaratibu, na kesi ikaisha vizuri.

Tukikaa chini kukunja, ndipo alipokuwa anasimulia. Kukunja mwavuli si kukunja shuka. Unautandaza sakafuni urefu wake wote, unanyoosha kamba moja moja mpaka zote zimelala sawa, unapanga mikunjo ya kitambaa, unatoa hewa kwa kuulalia kwa kifua, kisha unauingiza kwenye mfuko wake kidogo kidogo. Ghala lile lilikuwa na nyuzi za pamba kila mahali, na uzi mmoja ukinasa kwenye kitambaa tunaanza upya. Hapo ndipo alipotuambia mchezo huu haukuanzishwa na watu wenye pesa wanaotafuta raha. "Ulianzishwa na waoga," alisema. Watu wa zamani walipanda maputo, wakaogopa kuanguka, wakabuni kitambaa cha kuwaokoa. Wakaja marubani wa vita, nao wakaogopa kuungua na ndege zao. Vita vilipoisha miavuli ikabaki maghalani, vijana wakaichukua wakaanza kushindana nani atatua juu ya alama, nani atashikana mikono na wenzake angani kabla ya kufungua. "Mchezo wa watu waliotaka kuokoka," alisema. "Wewe ukija hapa hutaki kuokoka, rudi sokoni."

Na sheria yake kubwa kuliko zote, aliyoitoa jeshini: aliyekunja ndiye arukaye. Kule kwao, alisema, mkuu alikuwa anaweza kuingia stoo wakati wowote, akaokota mwavuli wowote, akamwambia aliyeukunja, "Vaa, twende." Hakuna kusema huu sikuumalizia vizuri, hebu ngoja. Kwa hiyo kila mkunjo unaukunja kama ni wako. Na aliyekunja akisema mwavuli huu hauruki, hata jenerali haruki. Sheria hiyo niliipenda sana mpaka siku iliponigeukia.

Alikuwa mtu wa ajabu, maana yeye mwenyewe hakufanana na sheria zake. Mama aliyeruka kutoka juu ya mawingu hakupanda bodaboda hata siku moja. "Yule dereva amekaguliwa na nani?" Akatembea kwa goti bovu, kwa hasira, kutoka stendi hadi ghalani, jua la saa saba. Alitukataza hirizi. Masanja alikuja na kitu kimeshonwa kwenye ngozi, Mkufunzi akakitupa juu ya paa. Lakini siku moja alikunja mkono wa shati anawe, nikaona ushanga wa kale, mweupe na mweusi, umemkaza juu ya kiwiko. Akaona nimeona. "Bhebhe," akaniambia kwa Kisukuma, yaani wewe, na macho yake yakamaliza sentensi. Na mlango wa nyumba yake, jamani, ulifungwa kwa waya. Paa lilivuja. Kila kitu cha watu wengine alikikagua, chake kilioza.

Kuna siku alinifuata Mwakitolyo nilipokwenda kumpelekea kaka yangu unga. Tukafika duara, vijana wanashushwa kwa kamba ya winchi. Mkufunzi akasimama. Akamwambia mwenye duara anataka kuikagua kamba. Yule baba, mtu mstaarabu tu, akamwambia, "Mama, shikamoo, lakini hapa ni kazini, subiri tukipumzika." Loh! Mkufunzi akatoa wembe aliokuwa anautembeza mfukoni, wakati kamba iko juu haina mtu, akaikata. Kamba mpya! Ya wiki ileile! Vijana walitaka kumpiga, kaka yangu akasimama katikati, kazi ya siku ile ikafa. Nikamuuliza njiani, ilikuwa na ubaya gani? Akasema, "Haikuwa na ubaya. Amenikataza kuitazama." Juma lililofuata aliuza mbuzi wake akawanunulia nyingine, hakuomba radhi, na mpaka leo pale Mwakitolyo wakimwona mwanamke mzee anakuja wanaificha kamba. Sasa niambieni huo ndio upole.

Basi siku ikafika. Bosi alikodi ndege ndogo kutoka Mwanza, akaalika mgeni rasmi, wanakwaya, ngoma ya kucheza na nyoka, kila kitu. Kiwanja kilikuwa nje ya mji upande wa Geita, kando ya mbuga wanakochungia ng'ombe. Warukaji watatu tulikuwa mimi, dada mmoja muuguzi, na kijana wa chuo. Masanja alikuwa wa nne, wa kungoja. Kila mtu alikuwa ameshakunja mwavuli wake mkubwa mwenyewe. Ule wa akiba anakunja Mkufunzi peke yake, kisha anaufunga kwa uzi mwekundu wenye lakiri, na uzi ukiwa mzima maana yake hakuna aliyeugusa tangu mkono wake. Kamba ya kufungulia ingefungwa kwenye ndege, ukitoka inavuta mwavuli wako ufunguke wenyewe. Wanafunzi huanza hivyo. Mama yangu alikuwepo, amevaa kitenge cha harusi. Kaka alikuja kutoka Mwakitolyo, amenawa mpaka masikio.

Nikavaa. Nikasimama mbele yake. "Shikamoo Mkufunzi."

Akavuta kifuani. Akavuta mapajani. Akanizungusha. Akafungua kifuniko. Nikahisi vidole vyake vimesimama pale nyuma. Kisha akafunga kifuniko, akanipita, akaenda kwa muuguzi. Akamkagua. "Marahaba." Akaenda kwa yule wa chuo. "Marahaba."

"Mkufunzi," nikasema, "mimi je?"

Hakunijibu mimi. Alimwendea Bosi pale hemani, mbele ya mgeni rasmi. "Nani amefungua akiba ya Cherehani?" Cherehani ndilo jina aliloniita siku zote.

Bosi akacheka. Wala hakuficha. Jana yake, hotelini, alitaka kumwonyesha mgeni rangi za mwavuli, akavuta mshikio, ukaruka nje, ukapendeza sana. Dereva wake na mlinzi wake wakaukunja tena pale sebuleni, mmoja akilikalia begi mwenzake akifunga. "Umerudi wote ndani, Mkufunzi, haukubaki hata kidogo. Na kwani atautumia? Ule mkubwa si upo?"

"Aliyekunja ndiye arukaye," Mkufunzi akasema. "Mlete dereva wako avae. Au vaa wewe. Mtu wa kwanza kutoka na begi hili ni wewe."

Watu wakacheka. Mgeni rasmi akacheka. Bosi akaacha kucheka. "Mama, usinivunjie shughuli. Masanja! Njoo uvae."

Masanja alikuja mbio. Simlaumu sana. Mtu ameuza maji maisha yake yote, anaitwa mbele ya umati, utamwambia nini? Nilivua mikanda kwa mikono yangu mwenyewe, wakamvalisha yeye, naye akasema, "Shikamoo Mkufunzi," na tabasamu lake. Mkufunzi alikwenda akasimama mbele ya ndege, mikono ametanua, suruali inapepea kwa upepo wa panga la ndege. Walinzi wawili wakamnyanyua. Wakamnyanyua kweli, miguu haigusi chini, anawatukana kwa Kisukuma na Kiswahili, kiatu kimoja kikamtoka. Umati ulikuwa unaangua kicheko kama kwenye vichekesho vya sarakasi. Hao ndio wanaosema leo mama wa watu.

Ndege ikapanda. Wakatoka watatu. Mwavuli wa kwanza ukafunguka, wa pili, wa tatu. Masanja alitua karibu na alama kuliko wote, akajilaza upande vizuri, akanyanyuka mikono juu. Hakuna kilichotokea. Sikilizeni hapo: hakuna kilichotokea! Mama yangu alipiga makofi, halafu akanitazama, akaacha. Bosi alimpa Masanja kazi ya udereva palepale. Mkufunzi alikuwa ameketi chini nyuma ya lori, kiatu kimoja mguuni, akitazama juu mpaka wa mwisho alipogusa ardhi. Nilimwendea nikamwambia maneno ambayo sitayarudia. Aliyasikiliza yote. Hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Baada ya hapo Bosi alichoka, maji yakaingia kwenye maduara yake, klabu ikafa. Ghala wakarudisha pamba. Begi langu, lile aliloruka nalo Masanja, wakalitupa kibandani kwangu nitoe zipu na vitambaa. Likakaa chini ya meza ya cherehani muda mrefu, kila nikinyoosha mguu nalipiga teke. Uzi mwekundu hamna, akiba bado imekunjwa vilevile na dereva wa Bosi. Jumapili moja nikalibeba mpaka nyuma ya kiwanja cha mpira, upepo wa kiangazi unavuma, nikavuta mshikio wa kushoto. Nilitaka utoke umefungamana mafundo. Naapa nilitaka hivyo, ili roho yangu itulie.

Ukatoka safi. Upepo ukaujaza wote, mweupe na njano, kamba zimenyooka, ukaniburuta mpaka kwenye goli. Ungefunguka! Ningeruka, na hata ule mkubwa ungekataa, huu ungefunguka!

Nikaukunja kwapani nikaenda Didia siku hiyohiyo. Nilimkuta uani anabangua karanga. Sikuamkia. "Umefunguka," nikamwambia. "Umesikia? Akiba ya dereva wa Bosi imefunguka. Uliniharibia bure."

"Ungefunguka," akasema. "Sawa."

"Sawa? Ndiyo jibu hilo?"

"Mimi sikujua kama ungefunguka. Wewe hukujua. Dereva hakujua. Umejua leo." Akapuliza maganda. "Kaa chini. Jeshini kulikuwa na kijana mmoja. Tulichelewa, ndege inanguruma, akaniamkia mbiombio nami nikamwitikia mbiombio. Sikumkagua. Nilisema marahaba kwa mdomo tu." Akatafuna karanga moja kwa meno aliyobaki nayo. "Sijawahi kuisema tena hivyo. Bangua karanga, umekuja mikono mitupu."

Nilimhurumia? Ndiyo. Hasira ikaisha? Haikuisha. Mtu anaweza kukusikitisha na bado akawa amekunyang'anya kitu chako. Nilibangua karanga mpaka jioni, nikarudi mjini.

Sasa ya juzi. Kiangazi hiki ilikuja timu ya warukaji kutoka Dar es Salaam, vijana wanaofanya mchezo huu kwa leseni, ndege yao, vifaa vyao, saa za mkononi zinazoonyesha kimo, na kile kifaa kidogo kinachofungua akiba chenyewe kama umezimia. Walitaka mtu wa kuwasaidia kukunja, wakaambiwa kuna fundi cherehani sokoni. Kiongozi wao aliniangalia nikikunja wa kwanza, akaufumua, akatazama, akauliza nimejifunza wapi. Nikasema kwa mwanamke mmoja mwenye roho mbaya. Mwisho wa juma akaniambia nafasi moja ipo, kama niko tayari kurudia mafunzo. Nilirudia yote. Magoti yangu si yale ya zamani, nililia usiku nikiyakanda kwa maji moto, lakini nilifaulu. Mwavuli niliukunja mwenyewe.

Siku yenyewe, asubuhi, nani anashuka kwenye basi la Didia? Mkufunzi. Amekonda, fimbo mkononi, na amevaa ovaroli lake la jeshi limepauka. Ala! Nani alimwambia, sijui mpaka leo. Akapita moja kwa moja kwa Kiongozi, akamweleza yeye ni nani, wote wakasimama kwa heshima. Akasema anataka kuruka. Mara ya mwisho. Nafasi ilikuwa moja, na ndege inaondoka siku ileile.

Kiongozi alinivuta pembeni. "Mama huyu ni historia," akasema. "Tukimkosesha tutajilaumu, na wapiga picha wapo. Lakini umekunja wewe. Ukisema sawa, ataruka. Ukisema hapana, haruki."

"Cherehani," Mkufunzi akaita, "nipishe. Wewe utaruka mwakani."

Mwakani! Nilitaka kukataa kwa sababu nafasi ilikuwa yangu, nilitaka kukubali ili nisionekane mchoyo, na kati ya hizo mbili sikujua ipi ni ipi. Basi nikafanya alichonifundisha. Nikamwambia, "Twende kwenye mikanda."

Walikuwa wamefunga mikanda ya kuning'inia chini ya hema. Tukampandisha, mwepesi, mifupa mitupu. Nikachukua fimbo yake. "Tazama juu! Upo?"

"Upo."

"Mzima?"

"Umejisokota, kelele zako za nini, najua!" Akatazama mshikio wa kulia, akaushika. Akavuta. Haukutoka. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama kucha za kuku, akavuta tena, akaongeza mkono wa kushoto, akavuta kwa mikono yote miwili mpaka shingo ikatoka mishipa. Haukutoka. Vijana wa Dar wakaangalia pembeni.

"Hapana," nikasema.

"Nitavuta nikiwa juu. Huko hewa inasaidia."

"Mkufunzi, hapana. Haturuki na wewe."

Alinitukana. Mbele ya watu wote, kuanzia cherehani yangu mpaka marehemu baba yangu. Mchoyo, mshenzi, eti nimengoja miaka yote hii nilipize. Nilimfungua mikanda nikiwa nalia kwa hasira, nikamrudishia fimbo yake, naye akaenda akaketi kwenye kreti la soda, mgongo ametupa.

Nikavaa. Kiongozi alinikagua, akaniambia niko tayari, ndege inanguruma. Nikapiga hatua kwenda, nikasimama. Nikarudi mpaka pale kwenye kreti. Sijui kwa nini, au najua. Nikasema, "Shikamoo Mkufunzi."

Hakugeuka. Wakaniita kutoka kwenye ndege. Nikabaki nimesimama. Kisha akainuka kwa fimbo, taratibu, akaja. Akavuta mkanda wa kifuani kwa vidole vile vibovu mpaka nikakohoa. Akainama mapajani. Akanizungusha, akafungua kifuniko, akachukua muda mrefu sana pale nyuma, nikasikia anapumua, anautafuta uzi kwa kidole kwa sababu macho hayaoni tena vizuri. Akaupata. Akafunga kifuniko, akanigeuza nimtazame. Uso wake ulikuwa bado umekunjamana kwa hasira, machozi yanamshuka na wala hakuyafuta.

"Marahaba," akasema. "Haya, potelea mbali."